Siti binti Saad: Mcheza Kwao Hutunzwa

Tarehe 8 Julai, 1950, alifariki huko Unguja mwanamke ambaye mtu wa Visiwani hahitaji kuelezwa habari zake, na ambaye mtu wa bara naye amelisikia jina lake tangu shuleni. Tunamzungumzia marehemu Siti binti Saad, Mwenyezi Mungu amrehemu. Sisi tulio katika nyanda za juu za Mbulu na Hanang, mbali na pwani na harufu ya karafuu, tumeona ni wajibu wetu kuyakumbuka maisha yake, kwa kuwa yanawahusu wote waliokabidhiwa dhamana ya utamaduni katika nchi hii.

Alizaliwa karibu na mwaka 1880 katika kijiji cha Fumba, katika jamaa ya wafinyanzi wenye asili ya utumwa. Jina alilopewa utotoni lilikuwa Mtumwa, na jina hilo latosha kueleza daraja waliyowekwa watu wake. Hakupata chuo wala shule. Alijifunza kazi ya mama yake ya kufinyanga vyungu, akavitembeza na kuvinadi kwa sauti iliyosikika mbali. Mwaka 1897 utawala wa Zanzibar ulitangaza kukomesha utumwa, lakini tangazo ni kitu kimoja na macho ya watu ni kitu kingine. Aliyekuwa mtumwa jana aliendelea kutazamwa kama mtumwa leo, na mwanawe kama mtoto wa mtumwa.

Mwaka 1911 alihamia mjini. Mji wa Zanzibar ulikuwa miongoni mwa miji mikubwa ya pwani ya Afrika Mashariki, nao uligawanyika mapande mawili: Mji Mkongwe wa majumba ya mawe, na Ng'ambo ya vibanda vya udongo, walikokusanyika waliotoka mashamba na bara. Ng'ambo hapakukosekana ngoma. Palikuwa na beni, palikuwa na lelemama, na vyama vya ngoma vilishindana kwa mavazi, kwa karamu na kwa maneno. Mtu asiyekuwa na ukoo wa kujivunia alijitafutia heshima katika uwanja wa ngoma.

Taarabu, kwa upande wake, ilikuwa haijashuka uwanjani. Ilitoka Misri ikaingia katika jumba la Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888. Iliimbwa na wanaume, kwa Kiarabu, mbele ya wakubwa. Mwaka 1905 kilianzishwa chama cha Nadi Ikhwan Safaa, na mmoja wa watu wake, Ali Muhsin, ndiye aliyeitambua sauti ya binti wa Fumba akamfundisha kuimba kwa kufuata ala. Baadaye alijiunga na mafundi kama Subeti bin Ambar, Buda bin Mwendo, Mbaruku Effandi Talsam na Maalim Shaaban. Ndipo Mtumwa alipopewa jina la Siti, jina la mwanamke mwenye heshima.

Jambo kubwa alilolifanya Siti na wenzake ni kuiimba taarabu kwa Kiswahili. Tusilichukulie jambo hili kuwa dogo. Mpishi, mchukuzi na mfua nguo walianza kuufahamu muziki uliokuwa ukiwapita juu ya vichwa vyao. Nyimbo zikabeba habari za mtaa: mapenzi na usaliti, kesi za mahakamani, hila za matajiri na dhuluma za wenye vyeo. Kwa watu wasiojua kusoma, kundi la Siti lilikuwa gazeti lao.

Mfano ulio bayana ni wimbo wa Kijiti. Unasimulia habari ya mwanamke mgeni kutoka bara aliyeuawa na mwanamume huyo. Muuaji alivuka bahari akatoroka, na wanawake waliokuwa pamoja na marehemu ndio waliobaki kuubeba mzigo wa kesi wakatiwa hatiani. Siti hakuwa hakimu wala mbunge. Alikuwa na udi, fidla na sauti yake tu, naye akaiweka hukumu ile mbele ya umma ili umma wenyewe uipime.

Hapa wilayani kwetu jambo hilo halishangazi. Wanawake wa Kidatoga wana baraza lao tangu enzi, lenye mamlaka ya kumtoza ng'ombe mwanamume aliyewavunjia heshima, na wimbo una nafasi yake katika shauri hilo. Wazee wa Kiiraqw nao wana slufay, maneno ya baraka yasemwayo kwa mpangilio wa kishairi mbele ya mkutano. Bara na Visiwani, sanaa ilikuwa chombo cha kuiweka jamii sawa kabla haijawa tumbuizo.

Mwaka 1928 Siti na kundi lake walisafiri hadi Bombay, India, kurekodi santuri kwa kampuni ya His Master's Voice. Alikuwa miongoni mwa waimbaji wa kwanza wa Afrika Mashariki kurekodiwa kwa Kiswahili, na santuri zao zikauzwa kwa maelfu. Mwaka huo huo wakazi wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya ardhi. Binti wa mfinyanzi akawa anaalikwa na masultani na matajiri, huku akiendelea kuwaimbia watu wa mtaani. Wenye kijicho walimkumbusha kaniki na shamba alikotoka. Aliwajibu kwa wimbo, kazi ikaendelea.

Kabla hajafa alionana na Shaaban Robert, ambaye aliandika wasifu wake, na vizazi vya wanafunzi vimeusoma. Nyimbo zake ziliendelezwa na Fatuma binti Baraka, Bi Kidude, hadi naye alipofariki mwaka 2013.

Sasa tuwageukie ndugu zetu maofisa. Mwaka 1962 nchi yetu iliunda wizara ya utamaduni, na mwaka uliofuata kikaanzishwa Kikundi cha Taifa cha Ngoma. Kikundi hicho kilipofikia mwisho wake, Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilianzishwa mwaka 1981, nacho leo ndicho TaSUBa. Hatua hizo ni za kusifiwa. Hata hivyo, mara ngapi tumeona vikundi vya ngoma vikisombwa kwa lori kutoka vijijini, vikasimamishwa juani tangu asubuhi kumngoja mgeni, vikacheza dakika tano, kisha vikarudishwa kwa soda na ahadi? Hiyo ndiyo dharau ile ile aliyoishinda Siti, ila imevaa sare ya serikali.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Kutunzwa ni malipo yaliyopangwa kabla ya safari, ni nyimbo kurekodiwa na kuhifadhiwa kwa jina la mwenyewe, ni msanii kusikilizwa anaposema jambo zito hata likiwa chungu. Afisa utamaduni wa Katesh au wa Mkokotoni anayetaka kumuenzi Siti binti Saad na aanze na hayo, kwa wasanii walio hai katika eneo lake.