Abdou Moumouni, profesa aliyelipa jua la Niger kazi

Sisi tunaovuka Malaba na Busia tunaijua sola kama mzigo: paneli, betri na taa. Wachache wanafahamu kwamba zamani, kabla paneli hazijajaa masokoni mwetu, Mwafrika mmoja alisimamia utengenezaji wa mitambo ya jua nchini kwake. Huyo ni marehemu Profesa Abdou Moumouni Dioffo wa Niger.

Alizaliwa mwaka 1929, Niger ikiwa koloni la Ufaransa. Alisoma fizikia Paris, na mwaka 1956 akafaulu mtihani wa juu kabisa wa ualimu wa somo hilo, Mwafrika wa kwanza kutoka makoloni ya Ufaransa kusini mwa Sahara kufika hapo. Alifundisha Dakar na Conakry. Mwaka 1964 alitoa kitabu kuhusu elimu Afrika, akitetea watoto wafundishwe kwa lugha zao.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alikwenda Moscow kuzama katika nishati ya jua, kisha akaongoza maabara ya jua mjini Bamako, Mali. Mwaka 1969 akarudi nyumbani, Niamey, kuongoza ONERSOL, shirika la serikali la nishati ya jua.

Ndugu waliorudi kutoka ng'ambo na vyeti mkononi wamtazame hapa. Chini yake ONERSOL ilifanya utafiti na pia ikatengeneza mitambo ya kuchemshia maji na ya kusafishia maji kwa joto la jua. Mtambo wa maji moto ni rahisi kuuelewa: bati jeusi lenye mabomba, kioo juu yake, kizuia joto chini. Jua hupasha bati, bati hupasha maji.

Kati ya 1979 na 1982 alikuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Niamey. Alifariki mwaka 1991, na chuo hicho sasa kinaitwa kwa jina lake.

Kwa nini nimwandike kutoka Namatala? Niger haina bahari, kama Uganda. Umeme wake mwingi ulitoka Nigeria, na baada ya mapinduzi ya Julai 2023 Nigeria iliukata. Miji ikabaki gizani. Nasi tunakumbuka Januari 2008, ghasia za uchaguzi Kenya zilipofunga barabara ya Mombasa na petroli ikaadimika huku. Anayetegemea njia ya mwenzake hulala njaa njia ikifungwa.

Hapa Mbale tuna bati, kioo na mafundi wa kuchomelea. Mpunga wa bonde la Namatala bado tunauanika kwenye maturubai, na mvua ikija tunakimbizana nao. Tuendelee kuleta paneli, biashara ni biashara. Lakini kikaushio cha mpunga na tangi la maji moto vinaweza kuundwa hapa hapa, na faida yake isivuke mpaka.