Kapitani Joubert, Mlei wa Ziwa Tanganika

Tunapomshukuru Mungu katika yubile hii, inatupasa kuwakumbuka wale waliotangulia kulima shamba ambalo sisi leo tunalivuna. Wengi wao walikuwa mapadri na maaskofu, na majina yao tumeyazoea. Lakini mmoja hakuwa padri wala bruda: alikuwa mlei, askari, mume na baba wa watoto. Ndiye Kapitani Léopold Louis Joubert.

Alizaliwa tarehe 22 Februari 1842 huko Saint-Herblon, magharibi ya Ufaransa. Mwaka wa 1860, angali kijana, aliingia katika jeshi la Wazuavu waliomlinda Papa Pio wa 9, akadumu katika utumishi huo hata Roma ilipotekwa mwaka wa 1870. Miaka kumi baadaye aliitikia mwito wa Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadri Weupe, akaja Afrika pamoja na msafara wa wamisionari. Kazi aliyopewa ni kuwalinda wao na watu wote waliokimbilia kwao.

Siku zile Ziwa Tanganika lilikuwa njia kubwa ya biashara ya watumwa. Watu waliotekwa ng'ambo yetu walivushwa kwa mitumbwi hata Ujiji, kisha wakapelekwa pwani kwa miguu. Wengi walikufa njiani. Mwaka wa 1885 Mapadri Weupe walikabidhiwa vituo viwili vilivyotazamana juu ya maji: Karema upande wa mashariki, na Mpala upande wetu. Joubert, aliyekuwa amerudi kwao, alishika njia tena, na mwaka wa 1887 akafika Mpala.

Hapo aliwafundisha vijana kulinda vijiji vyao, akaamua mashauri ya watu. Baadaye akajenga kijiji cha Saint-Louis huko Mrumbi. Watu wa Rumaliza, mkubwa wa Ujiji, walizidi kumsonga, naye alikuwa na askari wachache na baruti kidogo. Msaada ulifika mwezi wa Oktoba 1891, alipokuja Kapitani Jacques na msafara wake. Vita viliendelea hata mwaka wa 1894, na nguvu za wafanya biashara ya watumwa zikavunjika.

Tuseme ukweli wote. Bunduki zilizokata minyororo ziliifungulia njia pia serikali ya kigeni, nayo ikawatwika watu mizigo mingine. Joubert mwenyewe alitawala juu ya watu wasiomchagua. Kwa hiyo hatumsifu kwa ajili ya vita. Tunamsifu kwa sababu vita vilipokwisha, yeye alibaki.

Tena alibaki kama mtu wa nyumbani. Mwaka wa 1888 alimwoa Agnes Atakaye, binti wa nchi hii, kwa sakramenti ya ndoa. Wazungu wengi wa siku zile walijitwalia wanawake bila ndoa, halafu wakawaacha pamoja na watoto. Joubert alimshika mkewe mbele ya altare, akaishi naye miaka yote. Mungu akawajalia watoto wengi, na wawili kati ya wana wao wakapata daraja takatifu ya upadri.

Uzee wake aliumaliza karibu na Baudouinville, ndiyo Kirungu ya leo katika Moba. Alifariki huko Misembe tarehe 27 Mei 1927, mwenye umri wa miaka 85, mbali na kijiji alikozaliwa, karibu na wale aliowalinda.

Leo ziwa letu ni mpaka wa nchi nne: Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia. Watu hupiga makasia huku na huku wakitafuta samaki, soko na ndugu, wala hakuna anayevushwa kwa kamba shingoni. Amani hiyo tusiidhani ni kitu kilichoota chenyewe kama majani. Nasi walei, tusiwaachie mapadri peke yao kazi ya kuilinda. Nyumba ya ndoa iliyo aminifu, na mlango unaofunguliwa kwa mkimbizi, nazo ni utume. Mungu amjalie mtumishi wake raha ya milele.