Heinrich Hertz: Msee Aliyekunja Dishi ya Kwanza, Akadedi Bila Kujua Ingetumika Wapi

Umelipia mwezi mzima, mbogi imejaa kwa keja, na gemu imefika dakika ya 80. Mara mvua inashika. Picha inaanza kukatika vipande vipande, halafu dekoda inakuambia inatafuta signali. Hapo unaanza kumlaani fundi. Tulia kwanza. Kuna jamaa unafaa kumjua kabla umpigie fundi simu. Anaitwa Heinrich Hertz, na yuko kaburini tangu 1894.

Hertz alizaliwa Hamburg, Ujerumani, tarehe 22 Februari 1857. Mzae wake alikuwa wakili, kwa hivyo kwao hawakuwa wanalala njaa. Boy alikuwa na kichwa ya darasa na mikono ya fundi pia. Alianza kusomea uinjinia, akaona moyo wake uko kwa fizikia, akahama hadi Munich na baadaye Berlin. Huko akafunzwa na Hermann von Helmholtz, mmoja wa maprofesa wanoma zaidi Ujerumani enzi hizo. Kufikia 1880, akiwa na miaka 23 tu, tayari alikuwa na digrii ya udaktari.

Sasa cheki, kulikuwa na swali moja lilikuwa linasumbua wasomi. Mskoti anaitwa James Clerk Maxwell alikuwa amepiga hesabu miaka ya 1860 akaonyesha kwamba umeme na sumaku zinaweza kusafiri pamoja kama mawimbi, kwa mwendo ule ule wa mwanga. Hesabu ilikuwa safi, lakini ushahidi haukuwa. Maxwell akadedi 1879 bila kuona hayo mawimbi. Mwaka huo huo Helmholtz akamwambia Hertz ajaribu kuthibitisha. Hertz akaangalia vifaa alivyokuwa navyo, akaona haiwezekani, akaiweka kando.

Bahati ikamfuata Karlsruhe, alikopata kazi ya uprofesa 1885. Mwaka uliofuata akaoa Elisabeth Doll, binti ya mwalimu wa chuo hicho, na akaanza majaribio. Alichukua waya mbili zilizonyooka, akaacha mwanya mdogo katikati, akapitisha umeme wa nguvu hadi cheche ikaruka. Mbali kidogo akaweka kipete cha waya chenye mwanya mwembamba. Hakuna waya iliyounganisha hizi pande mbili. Akakaa gizani macho yazoee, akiangalia huo mwanya. Kila cheche ikiruka upande mmoja, cheche ndogo ajabu, hata haifiki milimita, inaonekana upande ule mwingine. Kitu kilikuwa kimepita hewani.

Mwishoni mwa 1888 ndipo dishi ikaingia. Hertz alichukua bati za zinki zenye urefu wa mita 2, akazikunja kwa lile umbo la dishi yako. Hazikuwa za duara kama sufuria, zilikaa kama mfereji uliosimamishwa wima. Moja akaiwekea mtambo wa cheche, nyingine akaiwekea kipokezi, akazielekeza moja kwa nyingine. Ujanja wa hilo umbo ni huu: mawimbi yakiingia yamenyooka, yanagonga bati na yote yanarudi kukutana mahali pamoja. Nguvu iliyotawanyika inakusanywa.

Alimwambia msaidizi wake apite katikati ya hizo bati. Akiziba njia, cheche inazima. Akitoka, inarudi. Ndiyo maana mti wa jirani ukikua mbele ya dishi yako, chaneli zinapotea. Akafunga mlango wa mbao, mawimbi yakapita tu. Akaweka fremu ya waya zilizopangwa sambamba: ukiigeuza hivi mawimbi yanapita, ukiizungusha robo duara yanakwama. Hapo alionyesha kwamba mawimbi yanaweza kusimama wima au kulala. Hadi leo setilaiti inatuma chaneli zingine wima na zingine zimelala ili zisigongane, na fundi akikosea kuzungusha ile LNB, unakosa nusu ya chaneli.

Kwa dishi yako mambo ni hivi. Setilaiti iko kama kilomita 35,800 juu ya Ikweta, inazunguka pamoja na dunia, ndiyo inaonekana kama imesimama. Sisi Nairobi tuko karibu sana na Ikweta, na kuna setilaiti ziko karibu juu ya utosi wetu. Ndiyo unaona dishi nyingi za mtaa zinaangalia juu kama karai linalongoja mvua. Mawimbi yakifika yamechoka sana. Dishi inayakusanya kwa LNB, ile kichwa iko mwisho wa mkono. LNB inayapa nguvu na kuyashusha frikwensi ili yaweze kupita kwa kebo, kisha dekoda inayageuza kuwa picha na sauti. Urefu wa wimbi lenyewe ni kama sentimita 2.5, na matone ya mvua kubwa yanalimeza. Sasa unajua kwa nini gemu ilikatika.

Je, Hertz aliona haya yote yakija? Hapana. Mwaka wa 1889 injinia mmoja alimwandikia akiuliza kama mawimbi haya yanaweza kubeba simu. Hertz akajibu kwamba mawimbi ya frikwensi ya sauti ni marefu mno, kioo cha kuyakusanya kingehitaji kuwa kikubwa kama bara zima. Hesabu yake ilikuwa sawa. Wengine walikuja baadaye wakagundua unaweza kuibebesha sauti kwa mawimbi mafupi.

Yeye hakupata huo muda. Mwaka wa 1892 alianza kuugua vibaya, akafanyiwa operesheni kadhaa, na tarehe 1 Januari 1894 akafariki mjini Bonn. Alikuwa na miaka 36. Aliacha mke na wasichana wawili wadogo. Mwaka uliofuata kijana Mwitaliano, Guglielmo Marconi, alikuwa tayari anatuma ujumbe kwa mawimbi yale yale.

Na inauma zaidi. Mzae wa Hertz alizaliwa katika familia ya Kiyahudi. Wanazi walipochukua serikali 1933, picha ya Hertz ikaondolewa kwa jumba la jiji la Hamburg, na mjane wake na mabinti zake wakalazimika kuhamia Uingereza.

Lakini jina halikufutika. Mwaka wa 1960 dunia ilikubaliana kwamba kipimo cha frikwensi kiitwe hertz. Siku ukipanda juu ya paa, soma stika iliyo kwa LNB yako. Utaona namba kama 10.7 hadi 12.75, halafu GHz. Hiyo Hz ni yeye.