Sanaa Iliyoanzia Barazani
Bibi Margaret Trowell, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1904, alisomea sanaa London, kisha akaishi Ukambani, ambako alivutiwa na kazi za mikono za wenyeji. Mwaka 1937, akiwa Kampala, alianza kufundisha uchoraji katika baraza la nyumba yake. Darasa hilo ndilo lililozaa shule ya sanaa ya Makerere. Mwanafunzi wake, Gregory Maloba wa Kenya, aliunda Sanamu ya Uhuru ya Uganda, 1962. Bibi Trowell alifariki mwaka 1985.

Nawakumbusha haya walimu wa sekondari za Kericho na Bomet wanaoliacha somo la sanaa kwa kukosa vifaa. Udongo upo, vibuyu vya mursik vilivyopambwa kwa shanga vipo majumbani. Nionavyo mimi, ukosefu wa karakana hautoshi kumnyima mtoto mwenye kipawa somo lake.