Mcheza Kwao Hakutunzwa: Kisa cha Solomon Linda

Wahenga walinena kuwa mcheza kwao hutunzwa. Mimi nami niliiamini methali hii na hata kuitumia katika insha, hadi muhula uliopita nilipokutana na kisa cha bwana mmoja aliyecheza kwao, dunia nzima ikacheza, na asitunzwe.

Ilikuwa Jumamosi jioni bwaloni, wakati wa burudani. Tulionyeshwa ile sinema ya katuni ya mwaka 1994, The Lion King. Si unajua tunavyoipenda sisi wa Chama cha Kiswahili! Simba, Rafiki, Pumbaa. Majina yametoka katika lugha yetu. Basi ikafika pale Pumbaa na mwenzake Timon wanapoimba ule wimbo wa simba aliyelala. Lo! Bwalo zima likadakia. Hata waliokuwa wakisugua sufuria jikoni waliitikia kwa besi. Nilimwuliza jirani yangu wimbo ule ni wa nani, naye akasema bila kusita kuwa ni wa Wamarekani. Mwalimu wetu wa muziki akatikisa kichwa, akaniambia nikatafute habari za Solomon Linda. Nilitafuta, na niliyoyapata yaliniuma.

Solomon Linda alikuwa Mzulu, aliyezaliwa mwaka 1909 karibu na Pomeroy huko Natal, Afrika Kusini. Utotoni alichunga ng'ombe, na husemekana kuwa wimbo wake ulitokana na kumbukumbu za kuwafukuza simba waliowanyemelea. Alisoma katika shule ya wamisheni, na huko akaonja utamu wa kwaya. Mwaka 1931 alifunga virago akaenda Johannesburg kutafuta kazi, kama vijana wengi wa kwao. Siku za kazi walitoka jasho, na Jumamosi usiku makundi ya waimbaji yalishindana katika mabweni ya wafanyakazi hadi kuchwee na kupambazuke.

Kundi la Linda liliitwa Evening Birds, yaani Ndege wa Jioni. Jamaa hawa walikuwa watanashati kwelikweli: suti za mistari, kofia na viatu vinavyong'aa. Linda, aliyekuwa mrefu wa kimo, aliimba sauti ya juu kabisa, nyembamba kama ya mwanamke, huku wenzake wakimjengea msingi wa besi nzito chini yake. Mtindo huo haukuwa wa kawaida, na waliousikia hawakuusahau.

Mwaka 1939 waliingia studio ya kampuni ya Gallo mjini Johannesburg. Wakarekodi wimbo uitwao Mbube, maana yake simba kwa Kizulu. Mara ya kwanza haikufaulu, ya pili pia. Mara ya tatu, karibu na mwisho, Linda alipandisha sauti na kubuni papo hapo mahadhi mafupi ambayo hayakuwa yamepangwa. Ni sekunde chache tu, bwana, lakini ndizo hasa bwalo letu lilizodakia zaidi ya nusu karne baadaye. Sahani hiyo iliuzwa nakala zipatazo 100,000 katika miaka kumi hivi, na mtindo mzima wa uimbaji ukaitwa mbube.

Je, mtunzi alipata nini? Haki za wimbo huo alizitoa kwa kampuni kwa shilingi 10. Naam, shilingi 10! Tena aliendelea kufanya kazi katika ghala la kampuni hiyohiyo, akipakia sahani.

Sahani moja ilivuka bahari ikamfikia mwimbaji wa Marekani, Pete Seeger. Hakujua Kizulu, na neno uyimbube, yaani wewe ni simba, akalisikia kama wimowe. Kundi lake, The Weavers, likautoa wimbo kwa jina hilo. Kwenye sahani, jina la mtunzi lilikuwa Paul Campbell. Kumbe hapakuwa na mtu wa jina hilo. Lilikuwa jina la bandia! Haki isemwe: Seeger alimpelekea Linda dola 1,000 na kutaka alipwe zaidi. Mwaka 1961 vijana walioitwa The Tokens waliutoa tena kwa maneno mapya ya Kiingereza, ukashika nafasi ya kwanza Marekani.

Wakati huo Linda alikuwa mgonjwa. Mwaka 1959 alikuwa ameanguka jukwaani. Mwaka 1962 alifariki kwa ugonjwa wa figo, akiacha benki pesa zisizozidi dola 25. Kaburi lake lilikaa miaka 18 bila jiwe, kwa kuwa mjane wake hakuwa na uwezo wa kulinunua.

Kawia ufike. Mwaka 2000 mwandishi wa Afrika Kusini, Rian Malan, alikianika kisa hiki jaridani. Mawakili nao wakafukua sheria ya zamani ya Waingereza, iliyosema kuwa haki za mtunzi zirudi kwa warithi wake miaka 25 baada ya kifo chake, hata kama aliziuza. Binti za Linda walikwenda mahakamani mwaka 2004, na mwaka 2006 pande zote zikapatana: familia ilipwe, na Linda atambuliwe kuwa mmoja wa watunzi. Yeye mwenyewe alikuwa kaburini miaka 44.

Msomaji, usidhani naandika haya kwa kuwalaumu wa mbali tu. Sikukuu ya chama chetu mwaka huu tuliimba wimbo wa kuwakaribisha wageni, nao walitupigia makofi si haba. Mahadhi yake yalitoka kwa kijana wa kidato cha chini aliyekuwa akiyaimba akifua nguo bombani. Mimi ndiye niliyeandika ratiba, na mahali pa mtunzi niliandika Chama cha Kiswahili. Kijana hakusema kitu. Nilijiambia kuwa ni jambo dogo. Baada ya kusoma habari za Linda sikupata usingizi. Niliona kuwa na mimi nimemtungia Paul Campbell wangu.

Nimemwomba radhi, akacheka, akasema hakuna neno. Lakini neno lipo. Nimemwomba mhariri achapishe jina la kijana yule chini ya wimbo wake humu jaridani, mahali panapostahili. Nanyi wenzangu, siku nyingine mkidakia wimbo wa simba bwaloni, mtajeni Solomon Linda.

Wasalaam,
Mwanachama, Kidato cha Nne