Tom Mboya, mtu wa sendika aliyerudi kuomba kura

Kila wakati kampanye inapokaribia, wadepite wa jimbo wanakumbuka njia ya Kamituga, ya Nzibira na ya Nyabibwe. Barabara ni ile ile mbaya, lakini kwa wiki hizo inapitika. Wanakuja kuomba mandat nyingine, na sisi tunabaki kuulizana kati yetu, kwenye shimo na nyumbani, tutampima mtu huyu kwa kilo gani. Njo maana leo tunapenda kuwaelezea maisha ya mtu mmoja wa jirani, wa ng'ambo ya Victoria, ambaye alianza mu sendika, akaingia bunge, na miaka minne nyuma akarudi mbele ya wafanyakazi wale wale kuomba wamchague tena. Jina lake Tom Mboya. Wazee wetu waliosikiliza redio mwaka 1960 wanalijua vizuri. Vijana wengi hawalijui.

Alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 huko Kilima Mbogo, karibu na Thika, katika shamba la mkonge la mzungu. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa shamba lile, baadaye akapewa kusimamia wenzake. Kwao kwa asili ni kisiwa cha Rusinga, ndani ya ziwa, nchi ya Waluo. Lakini mtoto alikulia kati ya Wakikuyu na Wakamba, akasikia lugha zao tangu utoto. Mushike jambo hilo, maana litarudi siku ya kura.

Alisoma kwa mapadri, mwisho Holy Ghost College ya Mangu. Akili ilikuwako, minerval haikuwako. Wadogo zake pia walitaka kusoma, na mshahara wa baba haukutosha wote. Nyumba ngapi za wachimbaji zinaijua hesabu hiyo? Tom akaacha masomo ya juu, akaenda Kabete kwenye shule iliyofundisha wakaguzi wa afya, kwa sababu huko mwanafunzi alikuwa anapewa kitu kidogo cha mfukoni. Mwaka 1951 akaanza kazi ya ukaguzi kwenye manispaa ya Nairobi: kuangalia maziwa, nyama, usafi wa nyumba.

Kazi ilikuwa ile ile ya mkaguzi mzungu, mshahara ulikuwa mdogo mara nyingi. Inasimuliwa kwamba siku moja mama mmoja wa kizungu aliingia ofisini na chupa ya maziwa ya kupimwa, akamkuta Mboya peke yake, akageuza macho pande zote, akauliza kama hapo hakuna mtu. Mboya alikuwa amekaa mbele yake. Wale kati yetu ambao wamewahi kusimama mlangoni pa bureau wakiitwa kama vile ni vyombo vya kazi, hawahitaji maelezo.

Hakupiga kelele siku ile. Alikusanya wenzake wa manispaa na kuunda sendika yao. Mwaka 1953 akawa katibu mkuu wa shirikisho la sendika zote za Kenya, lile lililokuja kuitwa KFL. Alikuwa na miaka 23. Na mujue wakati wenyewe: tangu Oktoba 1952 Waingereza walikuwa wametangaza hali ya hatari juu ya vita vya Mau Mau. Kenyatta alikuwa amefungwa. Vyama vya siasa vya Waafrika vilizuiliwa. Mwaka 1954 askari walizunguka Nairobi, wakakamata Wakikuyu maelfu kwa maelfu, na viongozi wa sendika ndani yao. Kwa hiyo sendika ilibaki kama mlango pekee ambao Mwafrika alikuwa anaweza kusemea bila kuingia gereza siku ile ile.

Jambo lililomtambulisha ni greve ya bandari ya Mombasa, Machi 1955. Wabeba mizigo waliacha kazi, meli zikasimama, mji ukawa na hofu. Mboya akatoka Nairobi kwenda kwao. Hakwenda kuwasha moto zaidi, wala hakwenda kuwauza kwa mapatron. Aliwaomba warudi kazini kwa sharti moja, kwamba mambo yao yapelekwe mbele ya mahakama ya usuluhishi. Kisha yeye mwenyewe akabeba hesabu zao mpaka huko: bei ya chakula, kodi ya nyumba, siku za kazi. Wakapata nyongeza ya asilimia 33. Sisi watu wa sendika tunajua namna ilivyo ngumu kumwambia mtu mwenye njaa arudi kazini wakati mkono wake bado ni mtupu. Wale walikubali kwa sababu walimwamini, na franga ikaonekana kweli. Tangu siku ile jina lake likatembea pwani nzima.

Baada ya hapo alisoma mwaka mmoja Oxford, kwenye Ruskin College, shule inayopokea wafanyakazi. Aliporudi, Waingereza walikuwa wanatayarisha uchaguzi wa kwanza wa Waafrika kwa Baraza la Kutunga Sheria, Machi 1957. Viti 8 tu kwa Waafrika wa Kenya nzima! Kura yenyewe haikuwa ya kila mtu, ilitegemea masomo, mali ao mshahara, na Wakikuyu walitakiwa kwanza kuonyesha cheti kwamba ni waaminifu kwa serikali.

Mwaka ule watu walionyesha kwamba kukaa kitini siyo haki ya milele. Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza kuingia baraza hilo tangu 1944, mzee mwenye heshima kubwa, alianguka mbele ya Bernard Mate. Na mu Nairobi Mboya alimshinda avoka Argwings-Kodhek, Mluo kama yeye, kwa tofauti ndogo ya kura mia chache.

Sasa tuangalie alichofanya na mandat ile, maana hapo njo penye kilo. Wale 8 walipoingia, serikali ya kikoloni iliwapa nafasi za uwaziri. Wakakataa wote. Walisema kwanza viti vya Waafrika viongezwe. Hebu fikirini wadepite wetu 8 wanakataa uwaziri kwa pamoja! Mwaka uliofuata viti vikawa 14. Mwezi wa Desemba 1958 Mboya aliongoza mkutano mkubwa wa watu wa Afrika yote huko Accra. Patrice Lumumba alikuwako katika mkutano huo, na aliporudi Léopoldville alisema wazi juu ya uhuru. Kwa hiyo hadithi ya mtu huyu si ya Kenya peke yake, kuna kamba inayofika mpaka kwetu.

Mwaka 1959 aliitafutia vijana njia ya kusoma Amerika. Ndege ya kwanza ilibeba wanafunzi 81. Mwaka 1960 familia ya Kennedy ilitoa dola 100.000 kwa safari nyingine. Mama Wangari Maathai, aliyepewa tuzo ya Nobel mwaka 2004, alikwenda kwa njia hiyo. Mtoto aliyekosa minerval alikuwa amekumbuka minerval ya wengine. Na mwanzoni mwa 1960, huko London, yeye na wenzake walipata kwamba Waafrika watakuwa wengi bungeni.

Ndipo ukaja uchaguzi wa Februari 1961, wa nchi nzima, na haki ya kura imepanuliwa sana. Mboya alikuwa katibu mkuu wa chama kipya, KANU, lakini ndani ya KANU wengi hawakumpenda. Oginga Odinga, Mluo mwenzake na makamu wa rais wa chama, alimuunga mkono daktari Munyua Waiyaki, mtu wa KANU pia, asimame Nairobi Mashariki dhidi ya Mboya. Walisema Mboya amekula dola za Wamarekani. Walisema hataki kweli Kenyatta atoke kifungoni, ili yeye mwenyewe awe mkubwa. Na kulikuwa hesabu ya kabila: wapiga kura wengi wa eneo lile walikuwa Wakikuyu, Waiyaki ni Mkikuyu, Mboya Mluo. Kwa kalamu na karatasi, mtu wa sendika alikuwa amekwisha.

Mwezi ule ule, tarehe 13, redio ilitangaza kifo cha Lumumba. Bukavu yetu ilikuwa mikononi mwa watu wa Stanleyville tangu Noeli. Huko Nairobi watu walikuwa wanajiuliza kama uhuru wao utageuka kama wetu.

Mboya alifanya kampanye kwenye kartié za wafanyakazi, Kaloleni, Pumwani na kwingine, mahali alipokuwa anafanya mikutano tangu zamani. Watu walimjua kwa uso. Wafanyakazi wa manispaa, wa reli, wa nyumba za wazungu, walijua nani alisimama nao wakati wa hali ya hatari. Matokeo yalipotoka: Mboya kura 31.407, Waiyaki 2.668.

Hapa tunasimama kidogo. Wakikuyu kwa maelfu walimpigia Mluo, na kulikuwa mtoto wao kwenye karatasi. Kwetu tunaambiwa kila mara kwamba haiwezekani, kwamba Mshi atachagua Mshi, Mrega Mrega, Mfuliiru Mfuliiru, Mbembe Mbembe, na kwamba mtu wa sendika apoteze tu muda wake. Lakini ndani ya shimo hatuulizani kabila wakati udongo unaanguka. Watu wa Nairobi Mashariki walipiga kura namna wanavyofanya kazi.

KANU ilishinda viti 19 mbele ya 11 vya KADU, lakini ikakataa kuunda serikali mpaka Kenyatta afunguliwe. Akafunguliwa Agosti ile. Mwaka 1962 Mboya akawa waziri wa kazi, na Oktoba ikatiwa sahihi mkataba kati ya serikali, waajiri na sendika. Patron alipaswa kutambua sendika, na sendika ilipaswa kupita kwenye mazungumzo na usuluhishi kabla ya greve.

Hatutaficha upande mwingine. Mtu akikaa sana juu, sauti ya chini inafika kidogo. Mwaka 1965 serikali aliyokuwa ndani yake ilifunga KFL, sendika yake mwenyewe ya zamani, ikaweka COTU, na rais wa nchi akawa na neno la mwisho juu ya katibu mkuu. Greve ikawa ngumu kuliko mbele. Kwetu Mobutu alifanya namna hiyo mwaka 1967 na UNTC, sendika moja kwa wote, na wazee wa MGL na wa SOMINKI wanajua ilileta nini. Kuna wanaomtetea Mboya, wanasema nchi changa ilihitaji utulivu. Sisi hatukubali. Mwaka 1966 pia, kwenye mkutano wa Limuru, alikuwa mkono mkubwa wa kumwondoa Odinga kwenye uongozi wa chama. Alikuwa anajua kupanga kura kuliko wote, na kujua huko kulimletea maadui kila upande.

Siku ya Jumamosi, tarehe 5 Julai 1969, mchana, alikuwa anatoka kwenye farmasi moja ya Government Road, katikati ya Nairobi. Akapigwa risasi. Alikuwa na miaka 38. Mtu mmoja, Njenga Njoroge, alihukumiwa na kunyongwa mwaka ule ule, lakini nani alimtuma, hakuna mahakama iliyosema. Mji uliwaka hasira. Alizikwa Rusinga, kisiwa cha baba yake.

Oktoba chama cha Odinga kilipigwa marufuku. Desemba kukafanyika uchaguzi wa chama kimoja, na wadepite wengi waliokuwa wanaomba mandat nyingine walirudishwa nyumbani na wapiga kura, mawaziri kati yao. Barabara ile leo inaitwa Moi Avenue. Tangu 2011 kuna sanamu ya Mboya pale, hatua chache tu kutoka mahali pa farmasi, na wafanyakazi wanapita mbele yake asubuhi wakienda kazini.