Martin Luther na Uhuru wa Moyo

Martin Luther alizaliwa mwaka 1483 katika mji wa Eisleben, nchi ya Ujerumani. Baba yake alitaka awe mwanasheria. Lakini mwezi wa Julai 1505, alipokuwa njiani kurudi Erfurt, radi ilipiga karibu naye. Akashikwa na hofu ya mauti, akaweka nadhiri ya kuwa mtawa. Hata majuma mawili yalipopita, akaingia katika nyumba ya watawa.

Humo alishika kila amri. Alifunga, alikesha, aliungama dhambi zake saa nyingi, hata mkubwa wake Staupitz akapata kazi kumtuliza. Walakini amani hakuipata. Kila alipomaliza tendo moja, dhamiri yake ilimwuliza kama limetosha, naye hakuwa na jibu.

Mwaka 1512 akawa mwalimu wa Maandiko katika chuo kikuu cha Wittenberg. Huko, akizifundisha Zaburi na Waraka kwa Warumi, akafahamu ya kuwa haki ya Mungu si deni alipalo mwanadamu, bali ni zawadi ipokelewayo kwa imani. Basi moyo wake ukafunguliwa. Mwaka 1517 akatoa hoja 95 juu ya biashara ya hati za msamaha. Na mwaka 1520 akaandika kitabu kidogo juu ya uhuru wa Mkristo. Mwezi wa Aprili 1521, mbele ya Kaisari huko Worms, akakataa kuyakana maandiko yake. Kisha rafiki zake wakamficha katika ngome ya Wartburg.

Alipokuwa mafichoni, ghasia zikatokea Wittenberg. Watu walivunja sanamu makanisani. Wengine walidhani ya kuwa kula nyama siku ya saumu, au kuishika mkate wa Meza ya Bwana kwa mkono, ndiyo alama ya Mkristo wa kweli; nao waliwadharau ndugu waliosita. Luther akatoka ngomeni ijapokuwa alikuwa mtu wa kuuawa kwa amri ya Kaisari. Tarehe 9 Machi 1522 akapanda mimbarani, akahubiri siku nane mfululizo. Akawaonyesha ya kuwa aachaye desturi kwa kulazimishwa hajawa huru, ila amebadilishiwa nira tu. Neno lihubiriwe, nalo litaugeuza moyo. Na walio dhaifu wachukuliwe kwa upendo. Mji ukatulia. Yeye mwenyewe aliendelea kuvaa kanzu yake ya kitawa hata mwaka 1524.

Alikufa Eisleben, mji alikozaliwa, tarehe 18 Februari 1546.

Ndugu wasomaji, yuko mtu ategemeaye desturi zake, na yuko ajivuniaye kuziacha. Wote wawili wanatazama mikono yao wenyewe. Luther alizijua njia hizo zote mbili, wala hakuona pumziko katika mojawapo. Pumziko lake lilikuwa katika Kristo aliyemwamini. Na kutoka hapo mikono yake ikawa huru kumtumikia jirani.